Edsger Dijkstra, aliyehesabu njia fupi akikunywa kahawa

Kabla ya kutoka Boga kuelekea Bunia, mtu haulizi kwanza ni kilometa ngapi. Anauliza njia iko namna gani. Daraja lingali zima? Mvua ilinyesha upande wa Gety? Kuko barieri ngapi? Wamotari waliotoka kule jana walipita salama? Akisha kupata majibu anahesabu kichwani, na mara mingi anaacha njia fupi na kushika ile ndefu. Hapo hajakosea. Kwake yeye njia haipimwi kwa kilometa, inapimwa kwa gharama: masaa, makuta, matope, na pengine uhai wenyewe.

Hesabu hiyo hiyo njo inafanyika ndani ya rezo ya simu na ya intaneti. Ujumbe unaotuma kwa ndugu yako aliye Kampala ama Kinshasa unakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinapita kwenye mashine mingi zinazoitwa ruta, moja inakabidhi kwa nyingine. Kila ruta inapaswa kuamua: hiki kipande nikipeleke upande gani ili kifike kwa gharama ndogo? Haina muda wa kuwaza. Inapaswa kuwa imehesabu tayari.

Mtu aliyeonyesha dunia namna ya kuhesabu vile, haraka na bila kukosea, alikuwa Muholanzi mmoja, Edsger Wybe Dijkstra. Jina ni gumu kwa ulimi wetu. Lisome Daikstra, utakuwa karibu. Hakuna kinachomuunganisha na Ituri isipokuwa hiyo kazi yake, inayopita ndani ya simu zetu kila siku bila sisi kujua.

Alizaliwa Rotterdam tarehe 11 mwezi wa tano mwaka wa 1930, mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia. Mama yake alikuwa mtu wa hesabu, asiyekuwa na kazi ya mshahara, na Edsger alikumbuka baadaye kwamba ni mama aliyemfundisha kutafuta jibu fupi na safi: ukiona maelezo yako yanarefuka, ujue umepotea njia. Siku tatu baada ya kutimiza miaka kumi, ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu juu ya Rotterdam na katikati ya muji ikaungua. Wale waliokuwa watoto Bunia mwaka wa 2003 hawana haja ya kuelezwa siku kama ile inaacha nini kichwani.

Vita ilipoisha, kijana alitaka kusoma sheria ili siku moja aiwakilishe nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa. Lakini maksi zake za sayansi zilikuwa za juu sana, walimu na wazazi wakamgeuza, akaingia chuo kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka wa 1951 akaenda Cambridge, Uingereza, kufuata masomo ya wiki tatu juu ya namna ya kuandikia kompyuta programu. Wakati ule kompyuta, ama ordinatere kama tunavyosema hapa kwetu, zilikuwa chache duniani, na kila moja ilijaza chumba. Mwaka uliofuata akapata kazi kwenye Kituo cha Hesabu cha Amsterdam. Kazi yake: kuandika programu za mashine ambayo wenzake walikuwa bado wanaijenga.

Alikuwa anasoma fizikia huku na kuandika programu kule, na mambo yale mawili yakaanza kupigana. Fizikia ilikuwa kazi ya heshima. Programu ilikuwa nini? Hakuna aliyejua. Mwaka wa 1955 akamwendea mkubwa wake, Adriaan van Wijngaarden, akamweleza wasiwasi wake: mtu akimuuliza ujuzi wake ni upi, atajibu nini? Mkubwa yule alikubali kwamba bado hakuna elimu ya namna ile. Ila akamwambia kwamba kompyuta hazitaondoka tena, na pengine yeye Edsger njo angekuwa mmoja wa wale watakaoifanya kazi ile iheshimike. Akatoka mle ofisini akiwa mtu mwingine. Mwaka wa 1957 alipoenda kufunga ndoa, afisa wa serikali aliuliza kazi ya bwana harusi. Akajibu kwamba anaandika programu. Wakakataa, juu hakuna kazi ya jina lile. Basi kwenye cheti cha ndoa wakaandika kwamba yeye ni mtaalamu wa fizikia.

Bibi harusi ni Maria Debets, aliyeitwa Ria, ambaye naye alikuwa akifanya kazi ya mahesabu pale pale kwenye Kituo. Na ni yeye aliyekuwa pembeni siku ile ambayo inatufanya tuandike leo.

Ilikuwa mwaka wa 1956. Kituo kilikuwa kimemaliza kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC, na wakubwa walitaka ionyeshwe mbele ya watu. Watu wa kawaida, siyo wataalamu. Dijkstra alitafuta swali ambalo kila mtu angelielewa, na jibu ambalo kila mtu angeliona kuwa la maana. Akachagua hili: kutoka Rotterdam mpaka Groningen, njia fupi ni ipi? Asubuhi moja alikuwa muji Amsterdam na mchumba wake wakifanya manunuzi. Wakachoka, wakaketi nje ya mkahawa kunywa kahawa. Hapo, bila kalamu wala karatasi, ndani ya dakika karibu ishirini, akapata jibu. Baadaye alieleza kwamba kukosa kalamu kulimsaidia, juu mtu asiyekuwa na kalamu analazimika kuacha kila kitu kigumu ambacho kinaweza kuachwa. Kwa maonyesho akachora ramani ya miji 64 ya Uholanzi, akaipa mashine, na mashine ikajibu.

Sasa tuichukue njia yake tuitembeze hapa kwetu. Namba zinazofuata ni za mfano tu, siyo taarifa ya safari. Usitoke nyumbani kwa ajili yake. Tuseme kutoka Boga kufika Aveba ni masaa 3, Aveba mpaka Gety ni saa 1, Gety mpaka Bogoro masaa 2, Bogoro mpaka Bunia saa 1. Upande mwingine, tuseme kushuka bonde la Semliki mpaka Kasenyi ni masaa 5, na Kasenyi mpaka Bogoro masaa 2.

Uko Boga, gharama yako ni sifuri. Jirani zako ni wawili: Aveba kwa 3 na Kasenyi kwa 5. Chukua ile ndogo kuliko zote, yaani Aveba, uifunge: 3, hatutairudia tena. Kwa nini tunaweza kuifunga bila hofu? Juu njia nyingine yoyote ya kufika Aveba ingepaswa kupita kwanza Kasenyi, na Kasenyi tu ni tayari 5. Hakuna barabara inayokurudishia masaa uliyokwisha kutumia. Sasa simama Aveba, tazama mbele: Gety ni 3 na 1, yaani 4. Funga Gety. Kutoka Gety, Bogoro ni 6. Kabla ya kuifunga, tazama: Kasenyi kwa 5 ni ndogo zaidi, funga kwanza Kasenyi. Kupitia Kasenyi, Bogoro ingekuwa 7. Tunayo tayari 6, basi tunaacha ile 7. Funga Bogoro kwa 6. Bunia ni 7. Mwisho wa hesabu.

Ndiyo hiyo tu, hakuna siri nyingine. Kila mara shika mahali palipo karibu kuliko pote ambapo bado hujapafunga, pafunge, kisha uulize kama kupitia hapo jirani zake wanakaribia zaidi. Mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa vijiwe mchangani. Na kama daraja kati ya Gety na Bogoro likiharibika, masaa 2 yakawa 5, utahesabu tena na kukuta Bogoro kupitia Gety ni 9, kupitia Kasenyi ni 7, na Bunia inakuwa 8. Umehamia bonde la Semliki bila kubishana na mtu.

Hakuharakisha kuitangaza. Ilichapishwa mwaka wa 1959 ndani ya jarida la hesabu la Ujerumani, kurasa tatu tu, pamoja na swali lingine: namna ya kuunganisha sehemu za kompyuta kwa waya wa shaba kidogo iwezekanavyo. Hakuwa peke yake aliyelitafuta jambo lile. Marekani, Lester Ford na Richard Bellman walikuwa wamepata njia nyingine, na kazi ya Bellman ilichapishwa mwaka wa 1958. Tofauti kati ya njia ya Bellman na Ford na ile ya Dijkstra inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye rezo ni tofauti kubwa sana, na sisi tunaofanya kazi ya radio inatugusa moja kwa moja.

Kwa njia ya Bellman na Ford, hakuna anayejua ramani nzima. Kila mmoja anamwambia jirani yake jumla tu. Gety inaambia Aveba: mimi nafika Bunia kwa masaa 3. Aveba inaongeza saa yake 1, inaambia Boga: mimi nafika kwa 4. Boga inaongeza 3, inapata 7. Jibu ni lile lile, na kazi imekuwa nyepesi. Lakini tazama daraja la Gety likivunjika kabisa. Gety inatafuta njia nyingine, inasikia Aveba ikitangaza kwamba inafika Bunia kwa 4. Gety haijui kwamba ile 4 ya Aveba inapita Gety yenyewe! Inaongeza 1, inasema 5. Aveba inasikia 5, inasema 6. Gety inasema 7, Aveba 8. Kila mmoja anamwamini mwenzake, na hakuna kati yao aliyeliona daraja. Mizigo inazunguka Aveba na Gety, Gety na Aveba, mpaka hesabu ipande vya kutosha ndipo waikumbuke njia ya Boga na Kasenyi. Kama njia ya pili haipo, wangepanda bila mwisho.

Wahandisi wenyewe wanaiita njia ya uvumi. Waliiwekea dawa mbalimbali. Kuna protokoli ya zamani inayoitwa RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka wa 1988, ambamo kila ruta inatangaza orodha yake kila sekunde 30, na namba 16 maana yake njia imekufa, acha kuhesabu. Dawa nyingine: usimrudishie mtu habari ambayo yeye mwenyewe njo alikupa. RIP ina udhaifu mwingine pia, haipimi masaa wala upana wa njia, inahesabu tu vituo. Kwa mfano wetu ingechagua Kasenyi, juu kupitia kule ni hatua tatu na kupitia Gety ni nne, hata kama masaa ni mengi zaidi.

Rezo ya kwanza kubwa, ARPANET ya Marekani, iliyoanza mwaka wa 1969, ilitumia njia ya jirani kwa jirani. Miaka kumi baadaye wakaiacha wakachukua ile ya Dijkstra. Hapo kila ruta hatangazi jumla. Anatangaza tu kile alichokiona kwa macho yake: mimi Gety, barabara yangu ya Aveba ni 1, barabara yangu ya Bogoro imekatika. Habari ile inapita kwa wote bila kubadilishwa, kila mmoja anachora ramani nzima, na kila mmoja anafanya mwenyewe hesabu ya kwenye mkahawa. Protokoli zinazotumiwa sana leo ndani ya rezo za kampuni kubwa, OSPF na IS-IS, zinafanya hivyo. Gharama ya kila njia inawekwa na mwenye rezo, na mara mingi inafuata upana: waya mpana, gharama ndogo. Kati ya kampuni na kampuni ni habari nyingine. Kule mapatano ya biashara yanapita ufupi wa njia, na ndiyo maana ujumbe wa jirani kwa jirani unaweza kuzunguka nchi za mbali kabla ya kuvuka barabara.

Hata hivyo kusema kweli peke yake hakukutosha. ARPANET walikuwa wanapima ucheleweshaji wa kila njia, wakitangaza. Njia moja ikisikika kuwa nyepesi, wote wanaikimbilia, inajaa, inatangazwa kuwa nzito, wote wanaikimbia, inabaki wazi tena. Kila mtu aliyeona wamotari wote wakigeukia barabara moja baada ya tangazo anajua picha ile. Mwaka wa 1987 walibadilisha vipimo ili namba isiruke juu na chini kwa nguvu namna ile.

Na kuko siku mbaya zaidi, tarehe 27 mwezi wa kumi mwaka wa 1980. Kila tangazo la ruta lilikuwa na namba, ili watu wajue lipi ni jipya, na namba zile zilizunguka kama saa ya ukutani: ukifika mwisho unaanza tena. Mashine moja iliharibika kidogo, na tangazo lake likatoka katika sura tatu zenye namba 8, 40 na 44. Kwenye mzunguko ule 40 ilionekana mpya kuliko 8, 44 mpya kuliko 40, na 8 mpya kuliko 44. Basi kila ruta ilipokea, ikaamini kwamba ni habari mpya, ikaisambaza, ikapokea nyingine, ikaisambaza. Kuondoa mashine iliyoanzisha fujo hakukusaidia, juu uongo ule ulikuwa tayari unaishi kwa wengine wote. Rezo nzima ilisimama kwa masaa kadhaa. Radia Perlman, Mmarekani, alitafiti tatizo lile, na mwaka wa 1983 akaonyesha namna ya kulitibu: tangazo liwe na umri, na lisiporudiwa na mwenyewe lizeeke na kufa. Kwa OSPF tangazo linafanywa upya kila dakika 30, na likifika saa moja bila kufanywa upya linatupwa. Mimi ningependa habari zote za barabara za Irumu ziwe na umri namna ile.

Cha ajabu, ugonjwa wa namna ile Dijkstra alikuwa amekwisha kuuandikia mwaka wa 1974, katika karatasi fupi ambayo karibu hakuna aliyeisoma kwa miaka. Aliuliza: kundi la mashine, ambamo kila moja inaona jirani zake tu, likikutwa katika fujo yoyote, linaweza kurudi kwenye utaratibu lenyewe bila mkubwa wa kuliamuru? Akaonyesha kwamba inawezekana.

Maisha yake mengine tuyapite upesi. Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven kama profesa. Alifundisha namna programu mbili zinavyoweza kutumia kitu kimoja bila kugongana, kama magari mawili kwenye daraja la gari moja: anayeingia anashika kibali, anayetoka anakirudisha. Mwaka wa 1972 alipewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna kubwa zaidi. Hakuwa mtu mpole katika maandishi; aliwachoma wenzake, alikataa kwamba kujaribu programu mara mingi kunatosha, akisema kujaribu kunaonyesha makosa yaliyopo lakini hakuonyeshi kwamba hayapo. Wengi walimwona mwenye majivuno. Pengine walikuwa na haki, ila juu ya jambo lenyewe yeye njo alikuwa na haki zaidi.

Na mtu huyu wa kompyuta karibu hakutumia kompyuta. Aliandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, mwandiko safi sana, maandishi zaidi ya 1300 yenye namba na herufi za jina lake, EWD. Kila andishi alilifanyia fotokopi, akawapelekea marafiki wachache kwa posta. Wale walifanya fotokopi zao wakawapelekea wengine, na wengine wakawapelekea wengine, mpaka ulimwengu mzima wa kompyuta ukasoma, bila habari kubadilika njiani hata neno.

Mwaka wa 1984 alienda na Ria kuishi Austin, Texas, akafundisha pale mpaka mwaka wa 1999. Mwanzoni mwa 2002 akarudi nyumbani Nuenen, Uholanzi, akiwa na kansa. Mwaka huo huo ile karatasi yake ya 1974 ilipewa tuzo na watu wa mashine zinazofanya kazi pamoja. Mwaka uliofuata tuzo yenyewe ikapewa jina lake. Alikufa tarehe 6 mwezi wa nane mwaka wa 2002, akiwa na miaka 72, akiacha mke na watoto watatu. Maandishi yake yamehifadhiwa Austin na kuwekwa kwenye intaneti, mwandiko ule ule wa mkono. Mwenye simu na rezo pa Boga anaweza kuyafungua.